Pete za Fedha: Jiwe Halikai, Ukuta Unafanya Marinda, na Maswali Mengine Yenu

Safari hii maswali karibu yote yametua sehemu moja, kupachika mawe kwenye pete za fedha za kutengeneza kwa mkono. Yanayofanana nimeyaunganisha, maana wengine mnauliza kitu kilekile ila kila mtu na lawama yake, mmoja analaumu jiwe, mwingine mkono, mwingine vifaa. Ili tusipotezane njiani, nikisema ukuta namaanisha ule ukanda mwembamba wa fedha unaolizunguka jiwe, kitako ni pale linapokalia, na kucha ni zile waya zinazolishika kwa juu. Haya twende.

SWALI: Fundi shikamoo. Najifunza mwenyewe na natumia mawe ya kabochoni, yale ya mgongo wa duara na chini bapa. Ukuta naulehemu vizuri tu na jiwe linaingia, lakini nikianza kuulaza ukuta juu ya jiwe unajikunja kama rinda la sketi, upande mmoja umelala safi upande wa pili mikunjo mitupu. Nimebadilisha kifaa cha kusukumia, nimebadilisha mpaka mkono, bado. Ni nguvu zangu au? (Mwanagenzi)

JIBU: Marahaba. Nguvu zako hazina kosa, hesabu ndo ina kosa. Fikiria mdomo wa juu wa ukuta wako: sasa hivi ni duara, na unataka uwe duara dogo zaidi ili ulibane jiwe. Ukiuingiza ndani milimita 0.4 tu kuzunguka pande zote, mzingo wake unapungua milimita 2.5. Hiyo milimita mbili na nusu ya fedha haipotei hewani, ama inajibana ikawa nene kidogo kila mahali, ama inakimbilia sehemu moja na kusimama kama kibonge, na hayo ndo marinda yako.

Kwa hiyo kuna mambo mawili. La kwanza ni urefu wa ukuta, na hapa ndo wengi mnapokosea. Shika jiwe ulitazame kwa ubavu, utaona ubavu unapanda wima kidogo halafu unaanza kulala kuelekea mgongoni. Ukuta unatakiwa uvuke pale unapoanzia kulala kwa kiasi kidogo tu, kwa jiwe la milimita 10 hata chini ya milimita moja inatosha kabisa. Watu wanaacha ukuta mrefu eti jiwe lisitoke, na kumbe kadiri unavyokuwa mrefu ndo unavyolazimika kuingia ndani zaidi na kubana fedha nyingi zaidi, halafu jiwe lenyewe linafichwa lote unabaki unaangalia chuma. Weka jiwe ndani, chora mstari kwa maka peni, toa jiwe, punguza kwa tupa laini au kwa kusugua kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo ili mdomo uwe sawa pande zote.

La pili ni mpangilio wa kusukuma. Wewe naona unaanza sehemu moja na kuzunguka nayo, si ndio? Ukizunguka hivyo unaisukuma fedha ya ziada mbele yako mpaka inafika mwisho haina pa kwenda. Anza juu, ruka chini, kisha kulia, kisha kushoto, kidogo kidogo, jiwe liwe limeshikwa sehemu nne. Halafu katikati ya hizo nne, kwa kuvukana vilevile, kisha katikati ya hizo tena. Mzunguko wa kwanza kifaa kilaze kama nyuzi 45 na usukume sehemu ya chini ya mdomo kwanza, usikimbilie ncha, ukiilaza ncha mapema unaacha uvimbe chini yake ambao hautoki. Mizunguko inayofuata ndo unakiinua kifaa unamalizia na mdomo wenyewe.

Na ukuta wenyewe ni wa nini? Fedha safi ya 999 ni laini, inakubali kulala. Ile ya 925 ina asilimia 7.5 ya madini mengine, kawaida shaba, ndo maana ni ngumu zaidi na inafaa mduara wa pete, lakini kwa ukuta inakutesa. Unene wa milimita 0.3 unatosha kwa jiwe la kawaida la pete. Ukiwa na 0.5 ya 925 halafu unasukuma kwa mkono mtupu, hapo nakubali utalaumu nguvu zako.

Marinda yaliyokwishatokea usiyapige nyundo. Weka kifaa juu kabisa ya kibonge na ukisukume kiingie kwenye nafsi yake, usikipeleke pembeni, na ukiona kimegoma basi ukuta ulikuwa mrefu, utapunguza mdomo kwa tupa kama jiwe lako linavumilia kuguswa na tupa.

SWALI: Jiwe langu linaingia kwenye ukuta lakini linacheza, ukibonyeza huku linainuka kule. Nikilibana hivyohivyo linakaa upande. Mwenzangu kaniambia niweke unga wa mbao chini yake. Ni sawa? (Jiwe Pombe)

JIBU: Jina lako limenichekesha. Unga wa mbao ni dawa ya zamani na mafundi wengi wameitumia, unaweka kidogo chini ya jiwe linajitengenezea godoro. Ila pete inanawa mikono kila siku, unga unakunywa maji, unavimba, na kwa mawe yanayopitisha mwanga unaonekana kabisa kama uchafu. Lakini kabla hujatafuta godoro jiulize kwanza jiwe limekalia nini.

Mara nyingi kabisa limekalia lehemu. Ulipounganisha ukuta na sahani ya chini, lehemu iliyozidi ilitiririka ikajaa kwenye ile kona ya ndani, ikatengeneza mteremko mdogo kuzunguka. Jicho halioni, kona inaonekana safi tu. Jiwe lina ukingo mkali chini, linafika pale kwenye mteremko linasimama, upande mmoja umefika chini upande mwingine umening'inia. Chukua maka peni upake ukingo wa chini wa jiwe, lirudishe ndani, lizungushe kidogo, kisha lipindue uangalie wino umefutika wapi. Hapo hapo ndipo panapogusa. Kwangua kona hiyo kwa ncha kali au keekee ndogo mpaka iwe pembe tena, au kama jiwe ni lako na una kifaa cha kusagia mawe, vunja ukingo wa chini wa jiwe kwa mkwaruzo mwembamba sana ili lipishane na mteremko. Hiyo ya kuvunja ukingo mimi naipenda zaidi, ni kazi ya dakika na haiudhoofishi ukuta.

Na tafadhali, kila unapojaribisha jiwe pitisha kwanza uzi chini yake ncha zake zikiwa nje, uzi wa kusafishia meno ndo bora maana haukatiki. Jiwe likinasa unalivuta. Wanaosahau uzi ndo hao wanaokuja na jiwe lililonasa ndani ya ukuta ambao bado haujalehemewa hata kwenye pete. Au toboa shimo katikati ya sahani tangu mwanzo, unalisukuma kwa kijiti kutoka nyuma, na kwa mawe angavu shimo linaingiza mwanga pia.

Kama chini ya jiwe lenyewe kuna mgongo, haliko bapa, hapo ndo godoro linahitajika kweli, na godoro zuri ni kiduara cha waya wa fedha kinachokaa ndani ya ukuta bila kulehemu. Jiwe linakalia waya, tumbo lake linaning'inia katikati. Hakiozi, hakivimbi.

Na kama linacheza kwa sababu ukuta ni mpana, hakuna kubembeleza, kata urudie. Urefu wa ukanda ni kipenyo cha jiwe ujumlishe unene wa fedha, halafu zidisha kwa 3.14. Jiwe la milimita 10 na fedha ya 0.3 unapata milimita 32.3 hivi. Kata ndefu kidogo upunguze kwa tupa ncha mbili mpaka zikutane bila mwanya wa kupitisha mwanga, lehemu haizibi mwanya, lehemu inaunganisha vitu vilivyokwishagusana. Ukuta ukiwa mdogo kidogo ni heri, unautia kwenye mti wa kunyooshea, yaani ile fimbo ya duara inayovishwa pete, unaugonga taratibu unatanuka. Ukiwa mkubwa hakuna wa kuusinyaza.

SWALI: Kwa nini nihangaike na yote hayo wakati kuna gundi?

JIBU: Lulu iliyotobolewa nusu inakaa kwenye kijiti chake kwa gundi ya epoksi, hiyo ni kazi halali kabisa na hata maduka makubwa ndo wanavyofanya. Mawe mengine yote, gundi inakaa mpaka ikutane na maji ya moto na sabuni mara za kutosha. Na ukiona fundi kajaza gundi chini ya ukuta ujue kitako chake kilimshinda.

SWALI: Habari fundi. Nilishapachika opali kwenye pete, mteja akasema pete kubwa. Nikaikata kwa nyuma nikatoa kipande nikailehemu, moto niliuelekeza nyuma kabisa mbali na jiwe na sikukaa muda mrefu. Opali imepasuka katikati. Ni jiwe bovu waliniuzia? (Mwenye Hasara)

JIBU: Pole sana ndugu, lakini muuzaji usimgombeze. Katika metali zote hakuna inayopitisha joto haraka kama fedha. Ukichoma nyuma ya pete, mbele inajua ndani ya sekunde chache. Lehemu ya fedha iliyo rahisi kuyeyuka inataka nyuzijoto 700 na ushee, ile ngumu inakaribia 780, na ili lehemu itiririke lazima pete nzima iwe imepanda joto, haiwezekani ukapasha sentimita moja tu kama unavyofanya kwenye chuma. Sasa opali ina maji ndani yake, yaani maji kweli, ni sehemu ya jiwe. Kuipasha ghafla hivyo ni kuipasua.

Kwa hiyo jiwe ndo linaingia mwisho. Lehemu zote ziishe, saizi ya vidole ipimwe na kuthibitishwa, pete iingie kwenye asidi ya kusafishia, ioshwe, isuguliwe, hata polishi karibu yote iishe, ndipo jiwe lije. Mteja akisema kubwa baada ya hapo, jiwe linatoka kwanza. Na asidi nayo msiisahau, maana kuna mtu ataniambia moto hakuutumia: lulu na malakaiti zinaliwa na asidi, feruzi inabadilika rangi maana ina vitundu vinavyonywa kila kitu. Zumaridi huwa ina nyufa zake za asili na mara nyingi imejazwa mafuta, joto linayatoa. Tanzanaiti haipendi kabisa joto la ghafla. Kuna mafundi wanaotumbukiza upande wa jiwe kwenye maji huku wanalehemu upande wa pili, inafanyika, ila maji yananyonya joto lako lote na wewe unazidisha moto, sikushauri mpaka mkono wako na tochi ya kulehemu mwe mmezoeana.

SWALI: Jiwe la pembe nne, pembe zote zinabaki wazi na fedha imejikusanya hapo. Nimeanza katikati ya kila ubavu kama ulivyoelekeza kwa duara.

JIBU: Kwa duara ni hivyo, kwa pembe nne ni kinyume chake. Anza na pembe, zote nne, ndipo ulaze bavu. Ukianza na bavu fedha yote ya ziada inakimbilia kwenye kona na kona ndo sehemu isiyo na nafasi. Kona zikikusumbua hata hivyo, punguza urefu wa ukuta kidogo pale kwenye kona kabla hujaweka jiwe, au pasua kila kona mkato mwembamba kwa msumeno, kingo zikilala zinakutana. Na pembe za jiwe lenyewe zikiwa kali sana ndipo linapovunjika, kwa hiyo ndani ya kila kona acha nafasi ndogo isiguse.

SWALI: Fundi, pete zangu za kucha nne zinavuta nguo, mteja analalamika sweta zake zinachanika nyuzi. Na baada ya muda jiwe linaanza kulia ukilitikisa. (Kucha Mbovu)

JIBU: Matatizo mawili lakini mzazi mmoja, hukukata kitako kwenye kucha. Wengi wanaweka jiwe juu ya waya nne halafu wanazikunja ncha zishuke juu yake. Hapo jiwe linashikwa na mkunjo, si na kitako, mkunjo unalegea na ncha zinabaki zimeinuka kama ndoano.

Kila ukucha unatakiwa uwe na kidato kwa ndani, kilichokatwa kwa keekee ya kupachikia ambayo pembe yake inafanana na tumbo la jiwe, kina kisizidi theluthi ya unene wa waya. Ukikata nusu, ukucha utavunjikia hapo siku pete inagonga mlango. Fedha ni laini kuliko dhahabu inayotumika kwenye pete, kwa hiyo usiige wembamba wa kucha za dhahabu, waya ya milimita 1 kwa jiwe la milimita 6 si nene. Vidato vyote viwe kimo kimoja, hapa chukua muda wako, weka jiwe, inua pete usawa wa macho uangalie kwa ubavu, uso wa jiwe uwe sambamba na mduara wa pete. Likiwa limeinama upande ujue kidato cha upande ule kiko chini, usijaribu kulinyoosha kwa kubana.

Halafu sukuma kucha mbili zinazotazamana, kidogo, kisha mbili nyingine, usimalize ukucha mmoja peke yake. Zikishashika kata ncha zibaki fupi na sawa, zizungushe kwa tupa na umalizie kwa ile keekee yenye kichwa cha kikombe, ncha inatoka ya duara na imelala juu ya jiwe. Jipime kwa kona ya karatasi, ipitishe kati ya ncha na jiwe, ikiingia sweta nayo itaingia. Kisha pitisha kitambaa cha sufi mara kadhaa. Na hiyo ya jiwe kulia, ishike pete sikioni uigonge kwa kidole, jiwe lililolegea linasema lenyewe.

SWALI: Yale mawe madogo yaliyozama ndani ya pete bila kucha wala ukuta, yanashikwa na nini?

JIBU: Na fedha ya pete yenyewe. Unatoboa shimo dogo kuliko jiwe, unapanua juu kwa keekee yenye kipenyo sawa na jiwe mpaka uso wa jiwe ukizama uwe sawa na uso wa pete au chini yake kwa unywele, halafu kwa ncha ya chuma iliyong'arishwa sana unasugua kingo za shimo kuzunguka, fedha inasogea inafunika ukingo wa jiwe. Jiwe la duara lililokatwa kwa kawaida lina kina kama asilimia 60 ya kipenyo chake, yaani la milimita 2 linataka karibu milimita 1.2 chini yake, kwa hiyo pete ya unene wa milimita 1 itakuchoma kidole. Tumia almasi, rubi, yakuti ya bluu, mawe magumu tu. Ncha ya chuma ikiteleza juu ya opali au feruzi, kwaheri.

SWALI: Baada ya kupachika malakaiti nikasugua ukuta na msasa kutoa alama za kifaa. Ukuta unang'aa, jiwe limepauka pembeni kote. Inarudi? (Dada wa Kijani)

JIBU: Dada, malakaiti kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe kinachoanzia 1 hadi 10, iko 3.5 mpaka 4. Chembe za msasa zinafika 9. Hata kwatsi yenye 7 inakwaruzika kwa msasa, basi tu watu hawaoni kwa sababu hawaangalii kwa lenzi. Tupa ya chuma iko kama 6.5, kwa hiyo kwatsi inaivumilia, malakaiti, feruzi, kaharabu na lulu haziivumilii.

Kwa mawe laini kazi yote ya msasa ifanyike ukuta ukiwa mtupu, upite mpaka namba 1200, kisha ukilaza ukuta tumia kifaa chenye uso uliong'arishwa kama kioo ili kisiache alama za kufuta. Alama ndogo zikitokea zisugulie kwa chuma chenye uso laini cha kung'arishia, kinabonyeza fedha hakikwangui. Wengine wanafunika jiwe kwa utepe wa karatasi, sawa, inasaidia polishi isiingie, lakini msasa unapita kwenye utepe bila hodi.

Hiyo yako inarudi. Kama pamepauka juu juu, polishi ya mawe kwenye kitambaa chenye unyevu, kwa mkono, taratibu, inaweza kutosha bila kulitoa jiwe. Kama mikwaruzo inashikika kwa ukucha wa kidole, pitisha wembe mwembamba kati ya ukuta na jiwe uinue mdomo kidogo kidogo kuzunguka, sukuma jiwe kwa nyuma kama ulitoboa shimo, ulisugue upya likiwa nje. Na ulisugue kwenye maji huku umevaa barakoa, malakaiti ni jiwe la shaba na vumbi lake si la kuvuta.